Shina Lililopinda Ndani ya Karatasi

Habari za kifo cha Rehema zilinifikia kwenye kundi la simu la watu wa nyumbani, kati ya picha za mtoto aliyebatizwa na tangazo la mtu anayeuza matairi ya theluji. "Dkt. Rehema aliyesoma hapa kwetu zamani ametutoka, huko Tanzania. Tutakutana kwa Mama Shiro, New Hope, Jumamosi alasiri. Njoo na chochote." Nilisogeza gari kando ya barabara nikalizima. Nimeishi sehemu nyingi na kufanya kazi nyingi, na watu wengi nimewasahau majina kabla ya kuyazoea. Rehema nilifanya naye kazi mwaka mmoja tu, tena zamani, lakini hadi leo sipiti kwenye ufa wa saruji bila kutazama kilichoota humo. Yeye ndiye aliyenifundisha. Jumamosi hiyo nilipika chapati nikaenda.

Mama Shiro bado anakaa katika nyumba ile ile ya kupanga mjini New Hope, Minnesota, orofa ya pili, sebule ile ile yenye kochi la kahawia ambalo nililalia nikiwa na miaka ishirini na kitu. Siku hizo nilikuwa nimetoka nyumbani Kenya na cheti cha darasa la nane na hamu ya kujua kila kitu isipokuwa kile ambacho mwalimu alitaka nijue. Shule niliiacha katikati ya kidato cha pili. Sikufukuzwa na mtu, nilichoka kukaa. Mama Shiro alikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja ya Coon Rapids, mwanamke wa kanisa na wa shifti mbili, na alinipa kochi kwa sharti kwamba nitafute kazi kama watu wengine. "Si uchukue masomo ya kutunza wazee, Wanza? Wiki chache tu, upate cheti, maisha isonge," alikuwa akiniambia huku akikoroga ugali. "Ama unataka kuwa mtalii?" Nilijaribu. Nilifanya kazi ya kufagia ofisi, nikapanga mizigo ghalani, nikaosha sahani. Kisha ejensi ya vibarua ikanipeleka chuo kikuu, upande wa Saint Paul, kuhamisha makabati.

Makabati hayo yalikuwa ya chuma, marefu kuliko mimi, yamejaa mimea iliyokaushwa. Waliita mahali hapo hebariamu. Mimi niliona ghala la majani yaliyokufa, kila mmea umeshonwa au kugundishwa kwenye karatasi nene yake peke yake, na pembeni kibandiko kinachosema ulichumwa wapi, lini, na nani. Chumba kilinuka dawa ya nondo. Hakikuwa na dirisha hata moja, maana mwanga hufifisha rangi, na baridi yake haikubadilika, kiangazi wala kipupwe. Kazi yetu ilikuwa kutoa mafungu kwenye makabati ya zamani, kuyatia kwenye friji kubwa ili wadudu wafe, kisha kuyapanga kwenye makabati mapya. Wenzangu walikuwa wakibeba mafungu kama matofali. Mimi nilikuwa nikichungulia. Siku ya pili nilikuwa nimesimama na fungu wazi mikononi, nikitazama ua la zambarau lililokaushwa kabla bibi yangu hajazaliwa, sauti ikasema nyuma yangu kwa Kiswahili kilichonyooka kama mstari wa rula: "Usilishike hivyo, dada. Lilaze. Ni mgonjwa huyo."

Ndivyo nilivyokutana na Rehema. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa elimu ya mimea, Mtanzania, mwembamba, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu hata humo ndani. Alijuaje kwamba naelewa Kiswahili? "Ulikuwa unajisemea," aliniambia. "Ulisema 'aki maskini' kwa ua." Kuanzia siku hiyo aliniomba kwa msimamizi niwe upande wake, kwenye safu ya Afrika Mashariki.

Chakula kilikatazwa humo, kwa sababu punje moja ya mkate huita mende, na mende akiingia kabatini anakula karne nzima. Basi tulikuwa tukila kwenye ngazi, yeye na chupa yake ya chai ya tangawizi, mimi na ugali baridi wa Mama Shiro uliofungwa kwenye karatasi ya foili. Hapo kwenye ngazi ndipo niliposoma shule yangu. Rehema alikuwa akifuatilia mimea iliyokusanywa na msafara mmoja wa wapimaji, wale waliotumwa enzi za ukoloni kuweka mpaka kati ya eneo la Waingereza na la Wajerumani. Wapimaji walikuwa na kazi yao ya minyororo na darubini. Daktari wa msafara, kwa kuwa wagonjwa hawakumjaza siku nzima, alichuma mimea njiani. Vipande vya kila mmea viligawanywa kwa majumba mbalimbali ya Ulaya, na majumba hayo baadaye yakabadilishana na mengine duniani, na ndiyo maana majani ya kwetu yalikuwa yamelala Minnesota.

"Hebu fikiria, Wanza," alisema akimenya yai. "Mpimaji anachungulia, anatafuta mstari ambao haupo. Daktari anachuma. Nani anabeba? Karatasi ni nzito kuliko unga. Na jioni, baada ya mwendo wa kutwa, watu wana njaa, miguu imechubuka, kuna mtu anafungua vibanio vyote vya kukandamizia mimea. Anatoa karatasi zilizolowa, anaweka kavu, zile zilizolowa anazianika kando ya moto bila kuziunguza. Kila jioni. Ukiacha siku moja tu, ukungu."

"Daktari mwenyewe hakuwa akifanya?"

"Pengine alifanya. Simnyimi haki yake. Mtu ana homa, mbu wanamla, mvua inamnyeshea, na bado anainama kuchuma kijiua kisichomfaa mtu yeyote. Mimi namvulia kofia. Ila mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Jina lake limo kwenye kila kibandiko. La mpagazi halimo, lakini kazi yake ninaiona. Tazama majani yalivyo safi."

Alikuwa na desturi ya kunusa karatasi za zamani. Kwanza nilimcheka. Kisha siku moja nami nikainama nikanusa, na chini ya dawa ya nondo nikapata moshi wa kuni, hafifu sana, kama nguo ya mtu aliyetoka jikoni. Sijui kama ilikuwa kweli au pua yangu ilitaka iwe kweli. Nilikuwa mbali na nyumbani, nje theluji ilikuwa imefika magotini, na moshi ule ulinikalia kifuani siku nzima. Mstari waliouweka wale watu ulipita katikati ya malisho ya wenyeji na kugawa ndugu, hilo nalijua, na Rehema alilijua kuliko mimi. Lakini alikuwa na moyo wa kuheshimu kazi nzuri hata ilipofanywa ndani ya safari mbaya. Nimejaribu kuwa hivyo. Si rahisi.

Sasa nieleze kilichokuwa kikimnyima usingizi. Katika mimea ya msafara ule kulikuwa na mshubiri mmoja, mfupi, wa majani manene yenye madoa, na bua moja la maua. Haukuwahi kuonekana tena. Nakala yake nyingine iliungua Ulaya wakati wa vita, na iliyobaki ilikuwa hii moja, mbele yetu, imelazwa juu ya kipande cha gazeti la kale lenye tangazo la kofia za wanaume. Karatasi nzuri zilikuwa zimewaishia njiani. Rehema aliujenga utafiti wake wote juu ya mshubiri huo. Alitaka kuuona ukiwa hai. Mara mbili alikuwa amekwenda mahali palipoandikwa kwenye kibandiko, akarudi mikono mitupu. Palikuwa tambarare ya udongo mweusi, nyasi na maji ya mvua yaliyotuama. Wachungaji wa hapo walimwangalia kwa huruma, kama mtu anayetafuta samaki juu ya paa. Chuo kilikuwa kimebakiza nauli ya safari moja. Profesa wake, mzee Mmarekani mpole aliyetembea akiburuta viatu, alitaka aiache.

Niliwasikia wakizungumza upande wa pili wa makabati. Kwa Kiingereza, taratibu, kama watu walio hospitalini. Profesa alisema mmea umekwisha duniani, na kwamba kuthibitisha hilo ni kazi ya heshima vilevile. Andika hivyo, alimwambia, umalize, uende nyumbani ukiwa daktari. Rehema alisema, "Siwezi kuandika kwamba umekufa kabla sijapaona mahali ulipoishi." Profesa akamjibu: "Ulipaona. Mara mbili." Kisha viatu vikaburutika kuondoka. Siku hiyo kwenye ngazi Rehema hakugusa chai. Kama angeacha, angepata shahada yake bila tabu. Kama angekwenda tena asipate kitu, angekuwa amemaliza nauli, muda na subira ya mzee, na angerudi nyumbani bila chochote. "Na ukiuandika umekufa," nilimuuliza, "kuna ubaya gani, kama kweli haupo?" Akanitazama. "Atakayekuja baada yangu hatautafuta. Ndiyo ubaya wake."

Kiangazi kilipofika, kazi ya makabati ilikuwa inaelekea mwisho, na Rehema akanipa zawadi: kibanio cha mbao, fremu mbili za fito na mikanda miwili ya kuzibana, na rundo la karatasi za kunyonya maji. "Chuma chochote," aliniambia. "Kila jioni badilisha karatasi, kama wale." Nilichuma kila kilichoota. Nilikwenda na Mama Shiro hospitalini kwake Coon Rapids, na wakati yeye anaingia shifti mimi nilizunguka maegesho nikaona, kwenye ufa wa lami, mmea mnono unaotambaa, mashina mekundu, vijani vinene kama vidole vya mtoto mchanga. Nikaung'oa. Rehema alipousikia kwa maelezo alicheka mpaka akashika ngazi. "Hilo kwetu pwani linaitwa tako la hasani. Limekufuata hadi huku!"

Nyumbani nilikisimamisha kibanio kwa ubavu, kati ya kochi na ukuta, maana mahali pengine palikuwa hapatoshi. Mama Shiro hakupendezwa. "Wewe Wanza, hii majani ni ya nini kwa nyumba yangu? Na wewe mwenyewe unanuka kama sanduku la nguo la nyanya yangu."

"Ni sayansi, Mama Shiro."

"Sayansi hulipa rent? Kuna mzee Eden Prairie anatafuta mtu wa kukaa naye, chumba bure, na huko kila mtu ana gari mbili. Enda na sayansi yako."

Nikaenda. Sikuwahi kukataa kuhama. Mzee wa Eden Prairie alikuwa na nyumba kubwa na kimya kingi, na nilipata chumba changu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kibanio nilikisimamisha kati ya kitanda na ukuta, kwa mazoea. Kila jioni, baada ya kumlaza mzee, nilibadilisha karatasi. Mimea mingine yote ilikauka upesi, lakini tako la hasani halikukubali. Nilipofungua kibanio nilikuta vijani bado vimejaa maji. Jioni nyingine nikakuta limechanua, kiua cha manjano kilichobanwa kati ya karatasi, bila jua, bila udongo, bila ruhusa. Nilimwita mzee aje aone. Alikuwa hakumbuki jina langu siku nyingi, lakini alitazama ua lile akasema, "Kaidi." Lilikauka mwishowe, wakati nimeshazoea njia za mtaa wake. Nikaandika kibandiko kwa mwandiko wangu bora nikampelekea Rehema kama mtoto anayepeleka daftari kwa mwalimu.

Alilitazama muda mrefu. Akavuta taa. "Umechuma wapi?"

"Si nimeandika? Eden Prairie, kwa mzee."

"Kwa mzee kuna lami?"

"Hapana. Bustani tu. Nyasi kama zulia."

"Mbona mzizi una lami?"

Nikacheka. "Hilo si ndilo lile la Coon Rapids! La kwenye maegesho. Ila lilikaukia Eden Prairie, ndipo nikaandika. Ningeandikaje kabla? Lilikuwa bado hai, dada. Lilichanua humo humo ndani."

Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya ncha ya shina langu, pale lilipopinda ghafla upande mmoja, kama kiwiko. Sikuwa nimeuliza kwa nini limepinda. Yeye aliuliza: "Kibanio ulikiweka vipi?" Nikamwambia, kwa ubavu, kimesimama ukutani. Akainuka, akaenda kabatini, akarudi na mshubiri wake ameubeba kwa mikono miwili. Akaulaza kando ya tako la hasani langu. Bua la maua la mshubiri lilinyooka kutoka kwenye majani, kisha, karibu na ncha, likapinda upande mmoja. Kiwiko kile kile.

"Miaka yote hii," alisema polepole, "nilidhani ni upepo."

Akanieleza kama anayejieleza mwenyewe. Mmea mnene haufi kwa kuchumwa. Ukiwa hai bado unatafuta juu, na kibanio kikibebwa kwa ubavu begani mwa mtu, juu ya mmea huwa ni pembeni mwa karatasi. Bua hili lilikuwa limeendelea kukua ndani ya kibanio, safarini, kwa siku nyingi. Na daktari, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, aliandika kibandiko mmea ulipokuwa tayari. Aliandika kambi aliyokuwapo jioni ile. Mmea ulikuwa umechumwa kambi kadhaa nyuma. Tulifungua nakala ya ramani ya wapimaji juu ya meza, na Rehema akairudisha njia yao kwa kidole, kutoka tambarare ya udongo mweusi, kinyumenyume, mpaka mahali ambapo mistari ya ramani ilibanana: vilima vya mawe. Mishubiri hupenda mawe. Hata mimi nilikuwa nimeshajua hilo.

"Wamenidanganya?" aliuliza, akijibu mwenyewe akitikisa kichwa. "Hapana. Maskini, walikuwa wakihama tu."

Profesa aliitwa. Safari hii sikujificha nyuma ya makabati, nilisimama hapo hapo na kibanio changu kifuani. Mzee alitazama shina, akatazama bua, akavua miwani, akavaa. "Una uhakika?" Rehema akasema, "Sina. Nina shina lililopinda." Mzee akanitazama mimi, kisha akasema neno moja ambalo nimempenda kwalo hadi leo: "Nenda."

Rehema aliondoka majani yalipoanza kugeuka rangi. Kwenye uwanja wa ndege aliniambia jambo moja tu, akinishika mkono. "Wanza, siku nyingine andika ukiwa umesimama pale pale. Kabla hujaondoka. Usingoje ikauke." Nikamwambia, "Sawa, mwalimu." Nilikaa wiki nyingi bila habari. Kisha siku moja, nikimlisha mzee uji wake wa shayiri, simu ikalia na sauti ikaja ikikatikakatika, upepo mwingi nyuma yake. "Upo! Wanza, upo! Umekaa juu ya jiwe kama mwenye shamba. Na mbuzi wanaupita tu, hawautaki, mchungu!" Nilipiga kelele mpaka mzee akaangusha kijiko. Akauliza kuna nini. Nikamwambia, kaidi mwingine. Akacheka kana kwamba alikuwa amekumbuka kila kitu.

Rehema alipata udaktari wake, akarudi Tanzania kufundisha, na kwa miaka mingi aliwapeleka wanafunzi kwenye vilima vile. Mimi nilihama tena. Nimeendesha malori, nimefungasha nyama, nimekaa miji ambayo sitaitaja hapa. Watu huniuliza, "Wewe kwenu wapi?" na kwa muda mrefu nilikuwa nikijibu kwa jina la mahali nilipolala mara ya mwisho. Siku moja, kwenye kituo cha malori, nilijisikia mwenyewe nikijibu hivyo, nikakumbuka daktari wa msafara na kibandiko chake safi kisicho cha kweli, nikaona aibu kidogo na kicheko kingi. Tangu hapo najibu vizuri zaidi. Nataja kijiji.

Jumamosi ile kwa Mama Shiro watu walisimulia mambo ya Rehema hadi chai ikapoa. Wengi walimkumbuka kwa sweta zake mbili; mimi nilisimulia kisa cha kibandiko changu cha Eden Prairie. Mwanafunzi mmoja wake wa zamani, aliyepo sasa Saint Paul kwa masomo, alisema mshubiri bado upo vilimani, na kwamba kila mwanafunzi aliyefika hapo alilazimishwa na Dkt. Rehema kuandika kibandiko akiwa wima, mvua inyeshe au isinyeshe. "Tulidhani ni ukali tu," kijana alisema. Mama Shiro akanitazama. Watu walipoanza kutawanyika nilishuka hadi maegesho, na kando ya gurudumu la gari langu, kwenye ufa wa saruji, lilikuwapo, mashina mekundu, vijani vinene. Nikainama. Kibanio hukaa kwenye buti ya gari siku zote. Mama Shiro alikuwa amenifuata polepole, mkono mmoja kwenye nguzo ya ngazi, sasa magoti yanamsumbua.

"Bado unaokota majani?"

"Bado, Mama."

"Basi uandike hii ni ya kwa Mama Shiro, New Hope. Usiende kuandika tena ni ya Eden Prairie."

Nilikuwa nimeshaandika.